Vile unaweza kufuata historia ya nyumba ya zamani, kuanzia kwa ukuta mpaka kwa kadi ya lands

Nyumba ya dani yetu, yaani nyanya yetu kwa Kiluo, hapa Kisumu ni ile aina ya duka la Kihindi, veranda mbele, halafu duka lenyewe, vyumba vimefuatana nyuma mpaka unatokea uani, na huko juu kabisa mbele, pale ukuta unapochongoka, kuna tarakimu nne za simiti ambazo watoto wote wa hii familia tumekua tukiziangalia bila kujua zinasema nini. Ya kwanza inafanana na tisa yetu, ya mwisho ni kama nane iliyofunguka kichwa. Fundi mmoja alituambia ni mapambo tu. Siku niliamua kufuata hii maneno vizuri nikapiga picha na simu nikapelekea mzee mmoja Mgujarati mwenye hadiwea, akaangalia mara moja akasema, "Hii ni 1984." Nikamwambia mzee, haiwezekani, mamangu alizaliwa ndani ya hiyo nyumba na sasa ana wajukuu. Akacheka akaniambia, "Si 1984 yenu. Toa hamsini na saba."

Na hapo ndio nataka uanzie wewe pia, kwa nyumba yenyewe, kabla hujapanga laini kwa ofisi yoyote. Wagujarati wengi waliojenga Kisumu, Nakuru na miji midogo ya reli waliandika mwaka kwa tarakimu zao na kwa kalenda yao ya Vikram Samvat, ambayo mwaka mpya wake unaingia baada ya Diwali, sikukuu ya Wahindu ya Oktoba ama Novemba. Kwa hivyo kama nyumba ilimalizika kati ya Diwali na Desemba unatoa 57, kama ni Januari kuendelea mpaka Diwali inayofuata unatoa 56. 1984 yetu inakuwa mwisho wa 1927 mpaka karibu mwisho wa 1928. Na kama nyumba ni ya Waislamu, tuseme kule Kaloleni ama Mumias, unaweza kukuta mwaka wa Hijria, kwa mfano 1345 ni kutoka Julai 1926 mpaka mwisho wa Juni 1927. Usikimbilie kuandika namba kabla hujajua ni ya kalenda gani, na ujue pia wakati mwingine ule mwaka ni wa siku walijenga upya ule ukuta wa mbele tu, nyuma ni kuzee zaidi.

Halafu zunguka nyumba polepole na tochi. Kama paa ni ya vigae vyekundu, omba fundi akutolee kimoja kilichovunjika ugeuze uangalie chini, vingi vililetwa kwa meli kutoka Mangalore kule India na vimegongwa jina la kiwanda. Ukiona Basel Mission, hicho kiwanda kilianza 1865 na ni cha wamisheni, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakawanyang'anya. Boriti za chuma angalia ubavuni, mara nyingi kuna jina kama Dorman Long limesimama kwa herufi kubwa. Kufuli za milango, bawaba, mabati upande wa ndani ambako rangi haikufika, kote huko kuna majina. Lakini shika hii vizuri: kitu kilichogongwa muhuri kinakuambia nyumba haikujengwa kabla ya kitu hicho kutengenezwa, hakikuambii ilijengwa mwaka huo, juu watu wamehamisha vigae na milango kutoka nyumba moja hadi nyingine tangu zamani.

Kwa hizi nyumba za bazaa usisahau kichochoro cha nyuma. Kwetu kuna kamlango kadogo chini kabisa ya ukuta wa nyuma, kimo cha goti, kamezibwa na matofali. Dani ndio aliniambia ni mlango wa ndoo ya choo, kulikuwa na wafanyakazi wa munispaa wanapita usiku kwa hicho kichochoro wanavuta ndoo wanaenda kumwaga. Ukipata kamlango kama hako ujue nyumba ilijengwa kabla mtaa huo haujawekewa mabomba ya maji taka. Na ujue kuna watu walioingia hiyo nyumba kila usiku kwa miaka na hakuna karatasi yoyote ina majina yao, hiyo iandike pia.

Sasa karatasi. Kosa kubwa watu hufanya ni kwenda kutafuta jina la mtu. Majina yatakuzungusha. Mhindi mmoja anaandikwa na tahajia tatu tofauti, Mzungu anaandikwa kwa herufi za mwanzo tu, Mluo anaandikwa jina la babake leo na jina la ubatizo kesho. Kitu hakihami ni ploti. Tafuta namba ya ploti kwanza, na mahali pa rahisi kuipata ni bili ya rates, ile kodi ya ploti ya kaunti. Kama huna bili, enda ofisi ya rates uulize daftari la uthamini, valuweshen rol, limeorodhesha ploti, mwenyewe na ukubwa. Zile za zamani kama bado zipo ni dhahabu, juu unaona mwenye ploti alivyobadilika kutoka rol moja hadi nyingine.

Namba yenyewe inasema kitu. Ikianza na L.R. ujue ploti ilisajiliwa kwa sheria za zamani za ukoloni. Ikiwa na neno Block, kama Kisumu Municipality Block fulani ama Nakuru Municipality Block fulani, hiyo ni mtindo wa sheria ya 1963. Tangu sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 kuna kazi ya kuhamisha zote ziwe mfumo mmoja, kwa hivyo ukikuta nyumba moja ina namba mbili usishtuke, andika zote mbili na utafute zote mbili.

Ukiwa na namba unaenda lands, yaani ofisi ya ardhi, kufanya sachi ya rekodi ya ploti, unabeba kitambulisho, PIN ya KRA na fotokopi ya taito kama iko. Lakini sachi ya kawaida itakupa hali ya leo tu, mwenye nyumba ni nani sasa na kama kuna deni la benki. Hiyo si historia. Wewe omba kopi iliyothibitishwa ya kadi yenyewe, ile ya kijani kama ardhi ni ya milele ama nyeupe kama ni lisi, yaani serikali ilitoa ploti kwa miaka fulani tu. Kadi ina sehemu tatu. Ya kwanza ni ploti yenyewe, ukubwa na lisi ilianza lini. Ya pili ni wenyewe, mmoja baada ya mwingine, waliotoka wamepigwa mstari juu lakini wanasomeka. Ya tatu ni madeni na vizuizi, na hii watu wengi hurusha macho wakapita, mimi nakuambia kaa nayo, juu ukiona mtu alichukua mkopo wa benki mwaka fulani, hapo ndipo mara nyingi utapata aliongeza ghorofa ama alianza biashara.

Hiyo kadi yetu sikuipata kirahisi. Ofisi niliyoenda waliniambia faili haionekani, nikarudi wiki ya pili, nikarudi ya tatu, mara ya nne mama mmoja wa pale akaniuliza, "Hata mwaka unaujua kweli?" nikamwonyesha ile picha ya tarakimu, akasimama mwenyewe akaingia ndani, baada ya kama saa moja akatoka na kadi. Usiende kugombana. Enda asubuhi, beba barua fupi inayoeleza wewe ni nani na unataka nini, na uweke kopi ya kila fomu iliyopigwa muhuri. Kupata habari iliyo kwa ofisi ya serikali ni haki ya kila Mkenya, iko kwa Katiba kifungu cha 35 na sheria yake ya 2016, lakini hiyo isiwe salamu yako ya kwanza.

Kadi ilituambia mambo mawili hatukuyajua. La kwanza, nyumbani kote tulikuwa tunasema babu alinunua kutoka kwa Mhindi wa duka, yule ambaye dani anakumbuka mpaka harufu ya bizari yake. Kumbe huyo alikuwa mpangaji. Mwenyewe kwa kadi ni mtu mwingine kabisa ambaye hakuna mtu kwetu aliwahi kumsikia. Na babu alisajiliwa 1971 ilhali dani anaapa waliingia 1968. Wote wako sawa: kadi inaandika siku karatasi zilipokelewa na kusajiliwa, si siku watu waliingiza vitanda. Mtu alilipa kidogo kidogo akiwa tayari anakaa ndani, na taito ikafuata baadaye. Kwa hivyo tarehe ya kadi na tarehe ya mdomo ukizikuta zinapishana, usifute moja, ziandike pamoja.

La pili ndilo lilinitoa jasho. Lisi ni ya miaka 99 kuanzia tarehe 1 Januari 1928. Kwanza hapo nikajua nyumba ni ya 1928 na si 1927, juu hakuna mtu angejenga kabla ya kupewa ploti, kwa hivyo kwetu ni kutoa 56. Lakini piga hesabu uone, inaisha mwisho wa 2026. Sheria ya ardhi ya mkoloni ya 1915 ilikuwa inatoa mashamba kwa hadi miaka 999 na ploti za mjini kwa hadi miaka 99, sasa zile ploti za miaka ya 1920 zote zinakaribia kuisha ama zimeshaisha na wenyewe wamelala. Kama ni mwananchi, sheria ya ardhi ya 2012 inasema wewe uliyekuwa nayo ndiye wa kwanza kupewa tena, ila kama serikali inaihitaji kwa kazi ya umma, lakini lazima ujitokeze uombe. Zile 999 za watu wasio raia nazo Katiba ya 2010 ilizikata zikawa 99. Tafadhali, hata kama historia haikuvutii, toa hiyo kadi uangalie tarehe.

Baada ya kadi, ingia Kenya Gazette. Hii ndio napenda kuliko zote na unaweza kuifanya ukiwa kitandani na bando. Gazeti hilo la serikali linatoka tangu 1899 na matoleo mengi sana yako Google Books bila malipo. Weka namba ya ploti ndani ya alama za kunukuu, halafu jina la mwenyewe kwa tahajia zote unazoweza kufikiria, na kumbuka Kisumu yenyewe mwanzoni iliandikwa Port Florence. Utakuta nini? Matangazo ya urithi mtu akifa, na mara nyingi yanataja alikuwa nani na alifia wapi. Taito zilizopotea. Washirika wa duka wakiachana. Leseni za pombe. Mnada wa ploti. Mimi huyo mwenyewe asiyejulikana nilimpata kwa tangazo la kuvunja ushirika wa duka, mistari minne tu, na ndio nikajua walikuwa ndugu wawili na mmoja alibaki na duka.

Kwa pesa, ujue kabla ya 1920 bei ziko kwa rupia, halafu kukawa na florini muda mfupi sana, halafu shilingi ikaingia 1921 na 1922. Ukiona mkataba wa rupia, hiyo tu imekupa umri.

Nyaraka za Taifa ziko Nairobi, Moi Avenue, ndani ya jumba lililokuwa benki, lakini wana vituo pia Nakuru, Kisumu na Kakamega kwa hivyo anzia karibu. Faili za PC, yaani mkuu wa mkoa wa zamani, wa Nyanza zinaanza na PC/NZA, ndani unapata barua za watu wakilalamika kuhusu mipaka, mitaro, veranda kuingia barabarani, na barua ya malalamiko huwa inaeleza nyumba vizuri kuliko taito. Kitu kingine watu hawajui, huu upande wetu mpaka mwaka 1902 ulikuwa mkoa wa Uganda, kwa hivyo ukitafuta kitu cha hiyo miaka ya mwanzo kabisa na Nairobi hakipo, uliza upande wa Uganda. Na mtu akikuambia nyumba yake katikati ya mji wa Kisumu ni ya 1890, uliza tena kwa upole, reli ilifika hapa Desemba 1901 na bazaa ikakua nayo. Mumias ndio ilikuwa na msafara na wafanyabiashara kabla ya hapo.

Kama nyumba yako ni ya shamba kule Nakuru, Njoro ama Molo, njia inabadilika kidogo. Hapo unatafuta namba ya shamba zima la Mzungu kwanza, juu nyumba ilikuwa katikati yake. Halafu unafuata shamba lilivyokatwa: kuna yaliyonunuliwa na serikali kwa mpango wa ekari milioni kuanzia 1962, na kuna yaliyonunuliwa na kampuni za wananchi, watu wakachanga hisa halafu wakapiga kura kila mtu akaokota karatasi yenye namba ya kipande chake. Daftari za hisa na zile karatasi za kura ziko kwa masanduku ya wazee, si kwa ofisi. Na nyumba kubwa yenyewe mara nyingi haikupewa mtu, ikawa shule, zahanati ama ofisi ya chifu, kwa hivyo uliza mwalimu mkuu kabla hujauliza loya.

Pale Njoro kuna kasri la Lord Egerton, lilianza kujengwa 1938 likamalizika 1954, mwenyewe akafa 1958 bila mke wala mtoto. Kila mtu Nakuru atakuambia alimjengea mwanamke aliyemkataa. Inaweza kuwa na kitu ndani, lakini hiyo ni hadithi na tarehe ni tarehe, kwa daftari lako weka ukurasa wa hadithi kando na uandike nani alikusimulia. Usitupe hadithi, usiichanganye tu na kadi.

Sasa kuuliza watu, na hapa naomba uwe mwangalifu sana. Ukifika kwa boma la mtu ukaanza na "hii nyumba ilikuwa ya nani" wanajua wewe ni broka ama umetumwa na familia inayotaka kuwafukuza. Enda na mtu anayejulikana, beba sukari, jitambulishe mpaka kwa babu yako, na uanze na maisha yao: ulikuja hapa ukiwa na umri gani, nani alikuwa anakaa chumba hiki, maji mlichota wapi. Miaka wazee hawashiki, wanashika matukio. Hapa Kisumu uliza ilikuwa kabla ya Russia ama baada, yaani ile hospitali kubwa iliyofunguliwa Oktoba 1969, ama kabla ya mvua kubwa za 1961 na ziwa kupanda, ama mwaka wa mapinduzi yaliyoshindwa, 1982. Lakini siku ile ya kufungua Russia watu walipigwa risasi, na waziri Tom Mboya alikuwa ameuawa Julai mwaka huo huo, kwa hivyo mzee akinyamaza hapo, nyamaza naye. Hata kwa ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, kuna watu maduka na karatasi zote ziliungua.

Na ukifika 1967 na 1968 kwa kadi ya nyumba ya Mhindi, utaona wenyewe wanabadilika haraka. Mwaka huo wa 1967 sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilifanya wasio raia wasiweze kuendelea kuuza duka walivyozoea, na Machi 1968 Uingereza nayo ikafunga mlango, wakakimbilia kuondoka kabla. Usiandike "alitoroka". Andika aliuza mwezi gani, na kama unaweza, tafuta watoto wake, wengi wako Leicester na London na wanatafuta picha ya nyumba kama vile wewe unatafuta jina.

Dani nilimwekea simu irekodi nikamwacha aongee, sikumkatiza. Kwa nusu saa hakusema chochote kuhusu taito. Alisema kuhusu mpishi wa yule Mhindi, kijana kutoka Maragoli, alilala stoo ya nyuma na alimfundisha kupika chapati akiwa bibi harusi mgeni. "Nyakwara, huyo ndiye alinionyesha hii nyumba," akaniambia, nyakwara ni mjukuu wangu. Nikaenda stoo na tochi, nyuma ya mlango kuna mistari ya penseli imepangwa tano tano, ya kuhesabu siku ama mifuko, sijaandika ni nini. Nimeipiga picha na rula kando yake ili ukubwa uonekane, na mchoro wa stoo nimeuweka kwa faili moja na kadi, na kwa orodha ya waliokaa, katikati ya mpangaji na babu, nimeandika: mpishi, kutoka Maragoli, jina bado.

Fundi wa rangi anakuja Jumatatu. Nimemwambia mbele apake kote, lakini zile tarakimu nne azizungushe masking tepu, na mlango wa stoo asiuguse kabisa.